Umeweka balbu za LED na sasa zinasumbua? Twende dalili moja moja

Mimi ni fundi wa stima hapa Busia upande wa Uganda, kazi yangu inanizungusha mjini, Dabani, Masafu mpaka Majanji kule ziwani, na siku hizi simu nyingi nazopata si za nyumba mpya, ni za watu waliotoa balbu za zamani wakaweka LED ili Yaka, ile mita ya kulipia stima kabla, isikimbie sana halafu mambo yakaanza. Moja inapepesa, nyingine haizimiki vizuri, nyingine imekufa ndani ya mwezi. Mtu anakuwa ameshatupa balbu tatu nne ndio ananipigia, na hapo ndipo naumia kwa sababu mara nyingi balbu haikuwa na makosa.

Balbu ya zamani ile ya waya mwekundu ndani ilikuwa inavumilia kila kitu. Holda imelegea inawaka, swichi imefungwa kinyume inawaka, voltiji imeshuka inawaka tu kwa rangi ya machungwa. LED si hivyo. Ndani yake kuna draiva, yaani kisakiti kinachopokea ile 240 ya kwenye waya na kuigeuza iwe stima ya mkondo mmoja, kidogo kidogo, ndio chipu zinawaka. Hicho kisakiti kinahisi vitu ambavyo balbu ya zamani haikuvijali, kwa hiyo ukiweka LED ubovu uliokuwa umejificha kwenye waya kwa miaka ishirini unatoka nje.

Kabla ya kununua nyingine fanya hivi: toa balbu inayosumbua peleka chumba ambacho taa haina shida, na ya chumba kile ilete hapa. Shida ikihama na balbu basi balbu ndiyo mbovu. Ikibaki palepale basi ni holda, swichi au waya. Dakika tano tu na ushaokoa pesa.

Umezima swichi lakini taa inang'aa kidogo

Hii naianza kwa sababu ndiyo inayoweza kuua mtu na watu wanaichukulia kama kitu kidogo. Mama mmoja wa hapa sokoni aliniambia "mwanangu hii taa inanifaa tu, usiku naona njia ya choo bila kuwasha", nikamwambia mama naomba niangalie kwanza. Nikakuta swichi inakata nyutro, ule waya wa kurudisha stima, na laivu yenyewe, ule unaoileta, inapita moja kwa moja mpaka kwenye holda. Maana yake hata ukizima, holda iko na stima kamili, na siku mtoto wake akipanda kwenye kiti kubadilisha balbu akiamini ameshazima, anashika 240.

Balbu ya zamani haikuonyesha hilo kwa sababu ilihitaji mkondo mkubwa ndio iwake. LED inatosheka na kidogo sana, ule unaopenyeza kwenye ukuta wenye unyevu au kwenye waya mbili zilizolala pamoja unatosha kuifanya ing'ae.

Kuhakikisha: zima swichi ya taa, toa balbu, halafu fundi apime kwenye pini za holda. Bisibisi ya tesita ikiwaka sana huku swichi imezimwa basi kuna kazi. Lakini tesita wakati mwingine inadanganya, inawaka hafifu kwa stima ya kivuli tu, ile kidogo inayopenyeza toka waya wa jirani, kwa hiyo mimi natumia multimita kati ya pini na ethi, ikinipa 230 au 240 najua ni laivu ya kweli. Dawa ni kurudisha laivu ipite kwenye swichi, na kama aliyefunga nyumba alikosea chumba kimoja angalia vyote, kwa sababu mkono ni uleule. Usitegemee rangi za waya peke yake. Nyumba za zamani laivu ni nyekundu na nyutro ni nyeusi, mpya ni kahawia na bluu, na ziko nyumba nimekuta yote yamefungwa kwa waya wa rangi moja kwa sababu ndio uliokuwa umebaki. Kazi hii mpe fundi mwenye kibali cha ERA, mamlaka inayosimamia umeme Uganda, na swichi kubwa izimwe kabla mtu hajagusa kitu.

Kama swichi inakata laivu vizuri na bado inang'aa, tazama kama swichi yenyewe ina kataa kadogo kekundu ka kukuonyesha ilipo gizani. Kale kanapitisha mkondo kidogo kupitia balbu, draiva inaukusanya polepole mpaka ukitosha inawasha taa kwa nusu sekunde, inazima, inaanza tena. Ndio maana unaona taa inakonyeza usiku kucha kila baada ya sekunde kadhaa. Kakate hako kataa au badilisha swichi. Kwenye ngazi au korido ndefu yenye swichi mbili, moja chini moja juu, chanzo huwa ni waya ndefu zilizolala pamoja. Pale fundi anaweza kuweka kapasita ya 0.1 maikrofaradi sambamba na balbu, ile ya aina ya X2 ya volti 275, sio kapasita yoyote tu iliyotolewa kwenye redio mbovu.

Inapepesa ikiwa imewashwa

Hapa uliza inapepesa saa ngapi. Kama ni kuanzia saa moja jioni mpaka saa nne usiku na mchana iko sawa, hiyo ni voltiji, watu wote wamerudi nyumbani wanapika na kupiga pasi, na kama wewe uko mwisho wa laini kinachokufikia ni kidogo. Soma kwenye shingo ya balbu. Ikiandikwa 220-240V haitafurahia voltiji ya chini, ikiandikwa 85-265V itavumilia, na kwa vijijini kwetu mimi nashauri hiyo ya pili hata kama bei inaongezeka.

Kama inapepesa ukifunga mlango kwa nguvu au upepo ukitikisa dari basi ni mguso. Holda nyingi zetu ni za pini mbili, zile za kusukuma na kuzungusha kidogo, na ndani kuna vispringi viwili ambavyo balbu za wati 100 zilivichoma kwa miaka mpaka vikakosa nguvu. Vikiwa vyeusi au havirudi ukivibonyeza, nunua holda mpya, usihangaike kuzisugua. Za kuzungusha kama skrubu zina kaulimi katikati ambako kamelala. Zima swichi kubwa, hakikisha hakuna stima, kainue kidogo kwa bisibisi. Na vile viadapta vya kugeuza pini kuwa skrubu vinaongeza sehemu nyingine ya kulegea, kwa hiyo ni bora kununua balbu inayolingana na holda yako toka mwanzo.

Inawaka vizuri robo saa, inazima yenyewe, ikipoa inawaka tena? Hiyo ni joto, soma sehemu inayofuata.

Sebuleni kwenye dima, ile swichi ya kuzungusha kupunguza mwanga, LED ya kawaida itapepesa au itanguruma. Ama ununue LED iliyoandikwa kwamba inakubali dima na dima inayoendana nayo, ama utoe dima uweke swichi ya kawaida. Dima za zamani zilitengenezwa kwa mzigo mkubwa wa mamia ya wati, ukiipa balbu mbili za wati 9 haijui ifanye nini.

Kuna na kupepesa ambako jicho halioni lakini kichwa kinauma ukisoma. Fungua kamera ya simu uielekeze kwenye balbu. Ukiona mistari myeusi inatembea kwenye skrini ujue draiva ni ya bei rahisi, haisawazishi stima, taa inapanda na kushuka mara 100 kwa sekunde. Haitakuua, lakini usiiweke pale mtoto anaposomea.

Zinakufa haraka

Kwenye boksi wanaandika saa 15,000 au 25,000. Ukiwasha saa tano kila siku, 15,000 ni miaka minane na kitu, sasa mtu balbu inamfia mwezi wa pili anauliza hiyo miaka imeenda wapi. Hizo saa zinahesabiwa kama balbu inapata hewa na stima safi.

Watu wanasema LED haina joto. Mwanga wake ndio hauna joto, lakini balbu yenyewe inapata joto, na lile joto linakaa kwenye shingo palipo na draiva. Ndani ya draiva kuna kapasita yenye maji maji fulani, ikizidi joto inakauka, na kanuni ya mafundi wa elektroniki ni kwamba kila nyuzi 10 zinazoongezeka maisha ya kapasita yanapungua karibu nusu. Ukiifungia LED ya wati 15 ndani ya bakuli la kioo lililofungwa kabisa, chini ya bati bila dari, mchana bati limechemka, hiyo balbu unaichemsha. Toa bakuli, au weka ya wati ndogo zaidi, au tafuta iliyoandikwa kuwa inafaa taa iliyofungwa. Ukiifungua iliyokufa ukaona nukta nyeusi kwenye chipu moja, ndiyo imekata mnyororo mzima, maana zimefungwa moja nyuma ya nyingine kama treni. Najua wako vijana wanaunga juu ya hiyo chipu kwa risasi ya kulehemu na balbu inawaka tena. Inawaka kweli, lakini chipu zilizobaki mara nyingi zinabeba mzigo zaidi, na ukiacha kile kifuniko cha plastiki wazi ndani mna stima inayoweza kukushika. Mimi sizirudishi kwenye nyumba ya mtu mwenye watoto.

Chanzo cha pili ni stima ikikatika na kurudi. Inaporudi inaweza kuja na mruko, voltiji inapanda kwa kitambo kidogo sana, na balbu za bei ya chini hazina kinga ndani. Ukiona stima imekatika zima swichi za taa, acha moja tu ya kukuonyesha imerudi, halafu ngoja dakika chache. Na kama unaweza, fundi akufungie kifaa cha kuzuia miruko pale kwenye boksi la breka, hicho kinalinda nyumba nzima pamoja na tivi na friji, maana gadi ya friji inalinda friji peke yake.

Chanzo cha tatu ni balbu feki, na siwezi kuficha kwamba sokoni ziko nyingi. Ishike mkononi: ikiwa nyepesi kama boksi tupu, haina maandishi ya voltiji wala lumeni (kipimo cha mwanga), au maandishi yanafutika kwa kidole, iache. Dukani waambie waiwashe uione, na uulize garantii. Muuzaji anayekubali kukuandikia risiti ya kurudisha ndani ya mwaka huwa anajua anachouza.

Taa moja inang'aa sana na nyingine imefifia, zote kwa wakati mmoja

Hapa usisome zaidi, nenda uzime swichi kubwa kwanza. Dalili ni hizi: chumba kimoja taa zimekuwa kali kupita kawaida, kingine zimelala, friji inanguruma vibaya, pengine na harufu ya kuungua. Mara nyingi ni nyutro imelegea au imekatika kwenye nyumba zinazopata fezi tatu, yaani laivu tatu tofauti, kama zile nyumba za kupanga za landilodi mmoja ambapo vyumba vimegawanywa fezi tofauti lakini nyutro ni moja. Nyutro ikikosekana, stima inatafuta njia kupitia vyombo vya jirani, na chumba chenye mzigo mdogo kinaweza kupata volti 300 na zaidi kuelekea 415. LED ndizo zinatangulia kufa, halafu chaja, halafu tivi. Niliitwa kwenye nyumba za namna hiyo, wapangaji sita, kila mmoja akimlaumu mwenzake kwamba ameunga stima vibaya, na kosa lilikuwa skrubu moja ya nyutro kwenye boksi iliyokaa imelegea mpaka ikaungua. Kama ubovu uko kabla ya mita, kwenye nguzo au waya wa kuingia, hiyo si kazi ya fundi wa mtaani, ripoti UEDCL, kampuni ya serikali ya kusambaza umeme, ambao ndio wako na laini tangu Aprili 2025, na usiwashe kitu mpaka waje.

Balbu za kuchaji zile zinazowaka stima ikikatika

Watu wanazipenda sana na mimi nazipenda, lakini zinachanganya. Malalamiko ya kwanza: "stima ikikatika haiwaki." Ya pili: "nimezima swichi na bado inawaka." Yote yanatoka sehemu moja. Balbu hii ina betri ndani, na ikikosa stima inachungulia kwenye waya kuona kama kuna njia iliyofunga kupitia swichi na vyombo vingine vya nyumba. Ikiona njia iko inaelewa kwamba swichi imewashwa na stima imekatika, inawaka. Isipoona njia inaelewa umeizima wewe, inalala. Ndio maana ukizima swichi kubwa au ukiwa umechomoa kila kitu haiwaki, na ndio maana ukishika zile pini zake kwa vidole inawaka mkononi, mwili wako umekuwa njia. Ikiwa inawaka huku swichi imezimwa, rudi kule juu kwenye swichi yenye kataa kekundu au waya wenye unyevu.

Betri inataka kuchajiwa, na inachaji ikiwa swichi imewashwa na stima ipo. Mtu anayeiwasha dakika kumi kwa siku asishangae ikizima mapema usiku wa giza.

Na tafadhali usichanganye balbu za sola na hizi. Ya sola ya volti 12 ina shingo ileile na inaingia kwenye holda ileile ya ukutani. Ukiiwasha kwenye 240 inapasuka. Kama nyumba yako ina mifumo miwili, weka holda za pini upande mmoja na za skrubu upande mwingine ili hata mgeni asikosee.

Tyubu ndefu

Ukitoa tyubu ya zamani ya futi nne, ile ya wati 36, ukaweka LED ya wati 18, usiichomeke tu. Kuna choki na stata, vile vifaa vya kuwashia tyubu ya zamani, kwenye ile fremu. Soma mchoro uliokuja na tyubu: nyingine zinapokea laivu na nyutro upande mmoja, nyingine laivu huku na nyutro kule, nyingine zinakuja na stata yao ya bandia ya kuweka mahali pa ile ya zamani. Ukifunga ya upande mmoja kwa njia isiyo yake breka inaruka au tyubu inaungua. Mimi kwa kawaida natoa choki na stata kabisa na kuandika ndani ya fremu kwa kalamu "LED tu", ili fundi atakayekuja baada yangu asiweke tyubu ya zamani pale.

Mwanga hautoshi, au rangi ni mbaya

Usilinganishe wati, linganisha lumeni. Balbu ya zamani ya wati 60 ilikuwa inatoa kama lumeni 800, na LED ya wati 8 mpaka 10 nzuri inafikia hapo. Ile ya wati 100 unahitaji karibu lumeni 1,500, yaani LED ya 13 mpaka 15. Kama boksi linasema wati 5 ni sawa na 100, ni uongo.

Rangi ni Kelvini. 2700 au 3000 ni ya manjano kama balbu za zamani, nzuri chumbani na sebuleni, 6500 ni nyeupe ya kuelekea bluu, nzuri jikoni na dukani. Nyeupe nayo inaita wadudu zaidi, na sisi wa karibu na ziwa tunajua maana yake, wale inzi wa ziwa wakija jioni moja wanajaza bakuli la taa mpaka mwanga unapungua. Msimu wa senene ukitaka waje ni sawa, washa nyeupe, lakini kwa baraza la kila siku weka ya manjano.

Taa ya nje ya sensa inawaka na kuzima usiku kucha: sensa inaona mwanga wa taa yake yenyewe inadhani kumekucha. Igeuze itazame pembeni. Redio ya FM inakwaruza ukiwasha taa: zima moja moja mpaka umpate mkosaji, umbadilishe.

Nimeweka LED zote na Yaka bado inakimbia

Tupige hesabu. Balbu sita za wati 60 kwa saa tano ni uniti 1.8 kwa siku, 54 kwa mwezi. LED sita za wati 9 kwa saa zilezile ni uniti 8 na kidogo. Umeokoa kama uniti 46, na ukizihesabu kwa shilingi 700 tu hiyo ni zaidi ya 32,000 kwa mwezi. Hiyo ni pesa ya kweli. Lakini kama ulikuwa na balbu mbili tu za LED haziwezi kufidia kettle, pasi na jiko la stima, kettle ya wati 2,000 kwa nusu saa inakula uniti nzima, ambayo balbu ya wati 9 ingeila kwa saa 111.

Ukiwa na wasiwasi zima kila kitu ndani ya nyumba, chomoa friji na chaja zote, acha swichi kubwa imewashwa, halafu uende kwenye mita uangalie ile taa nyekundu inayokonyeza. Ikiendelea kukonyeza baada ya dakika kumi kuna stima inakwenda mahali, ama inavuja ukutani ama kuna waya wa mtu umeunganishwa kwako. Zima breka moja moja mpaka ikome, na hiyo breka iliyoizima ndiyo ya kumwonyesha fundi.